Muulize Shangazi: Nikimsimulia ya kazini anageuka bosi wa pili

Mbukwenyi wasomaji wangu wa Dodoma na kwingineko. Sijui mwezi huu vumbi la huku limewaingia wapi, maana meseji karibu zote ni ugomvi uleule, mwanaume na mwanamke wakikaa kuongea hawaelewani, au hawaongei kabisa. Nimechukua chache tu, nyingine zinafanana mno kwahiyo ukiona jibu la mwenzio chukua na wewe. Wale mnaotaka niwatafutie wachumba mtanisamehe, hiyo kazi sina.

*Shangazi shikamoo. Naishi Ilazo, nina ndoa ya miaka sita na watoto wawili. Mume wangu ni mtu mzuri, hanipigi hanitukani na hela ya nyumbani anaacha, tatizo ni kuongea. Kuna mwenzangu ofisini ananisumbua sana, ripoti naandika mimi yeye anaipeleka kwa mkubwa kama yake. Nikirudi nikianza kumsimulia mume wangu, sentensi ya pili tu kashadakia, "kwani si umwambie bosi wako?", nikisema bosi ni shoga yake ananiambia "basi omba uhamisho", nikisema uhamisho sio mchezo anasema "sasa unataka mimi nifanyeje?" anachukua rimoti. Yeye nikimuuliza siku imeendaje ni "poa tu", kesho "poa tu". Halafu Jumamosi wenzake wakija kuchoma nyama namsikia nje anaongea na kucheka mpaka usiku. Hivi mimi ndo nimemchosha au wanaume wote ndo walivyo? Mama wawili, Ilazo.*

Marahaba mwanangu. Kwanza shusha presha, hujamchosha, ungekuwa umemchosha asingehangaika kukupa hata hayo maushauri yake.

Tuanze na hapo kwenye stori ya ofisini maana ndo penye ugomvi wenyewe. Wewe unafika nyumbani una hasira ya kutwa nzima, unachotaka ni mtu akae upande wako aseme "yule dada naye kazidi!" basi, roho itulie ukapike. Mwenzio anasikia kingine kabisa, anasikia mke wangu kaniletea tatizo nilimalize, na asipolimaliza anajiuliza yeye mwanaume gani. Anatoa dawa ya kwanza unaikataa, anatoa ya pili unaikataa, ya tatu hana ndo anashika rimoti. Usiku mnalala mzungu wa nne, wewe unawaza huyu mtu hanisikilizi, yeye anawaza huyu mwanamke hakuna ninachosema kikamfaa.

Kuna mama mmoja mtaalamu wa lugha wa Marekani, Deborah Tannen, aliyapatia jina haya mambo mwaka 1990. Alisema wanaume wengi wanakuzwa waongee ili kutoa taarifa na kulinda nafasi yao mbele ya wenzao, na wanawake wengi wanakuzwa waongee ili kusogea karibu na mtu. Yeye aliyaona kwa Wamarekani, na wapo wataalamu wenzie waliomjia juu kwamba amelisahau swali la nani ana nguvu ndani ya nyumba, na mimi hapo niko na hao waliomjia juu, mtaona kwa yule mhazini wa Nzuguni hapo chini. Ila mumeo wewe amemchora vizuri tu.

Halafu kuna ishu ya kuitikia. Sisi tukisimuliana, mwenzako anaitikia "enhe", "mmh", "haa!", "ikawaje sasa", na hamaanishi kwamba anakubali, anamaanisha nipo nakusikia endelea. Watafiti wawili, Maltz na Borker, waliandika mwaka 1982 kwamba wanaume wengi "mmh" yao wanaitoa pale wanapokubaliana na kilichosemwa. Sasa mumeo ananyamaza kimya kama maji mtungini anasubiri mwisho ndo atie neno, wewe unaona unaongea na ukuta. Na yeye akiongea ukamuitikia mmh mmh anajua umekubali yote, kesho yake anakushangaa unabisha nini.

Na hao wa nyama choma wasikuumize roho. Siku moja pita pale na sahani ya kachumbari usikilize wanaongea nini. Ni Simba na Yanga, bei ya viwanja Ihumwa, nani kavuta gari mpya, nani kaliwa na dalali. Hakuna anayemuuliza mwenzie unajisikiaje. Tena angalia walivyokaa, hawatazamani, wote wameelekea jiko, mmoja anageuza mshikaki mwingine anakata limau. Wanaume wengi mdomo unafunguka mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa pembeni. Wewe unamkalisha kwenye sofa, unamkazia macho, unamwambia "niambie siku yako", hiyo kwake ni kama yuko kituoni anatoa maelezo. Mchukue Jumapili mwende Chamwino kumsalimia mtu, akiwa anaendesha muulize jambo lenye mkia, sio "kazi ikoje" bali "yule mzee mliyekuwa mnagombania naye ile tenda iliishaje?" Utashangaa mpaka mnafika Buigiri bado anaongea.

Na wewe ukitaka kusikilizwa tu sema mwanzoni kabisa, "Baba nanii, leo nina stori, sitaki ushauri, nataka unisikilize mpaka mwisho halafu umseme yule dada na mimi." Usione aibu. Mwanaume ukimpa kazi inayoeleweka anaifanya, na kusikiliza nako umpe kama kazi.

Swali lako la mwisho, kama wanaume wote ndo walivyo, hapana. Mumeo huyo huyo akiwa na mteja au na mkubwa wake anasikiliza mpaka nukta na anaitikia vizuri kabisa, maana yake anajua. Msamehe kutokujua unataka nini, ila akishaambiwa usimsamehe kwa kisingizio cha uanaume. (Na hizo ripoti zako anza kumtumia mkubwa mwenyewe kwa barua pepe, jina lako na tarehe viwepo. Hilo nalo ni ushauri, najua hukuuomba.)

*Shangazi habari. Mimi dalali wa mahindi hapa Kibaigwa. Mke wangu hasemi anachotaka. Juzi nilipata hela kidogo nikamuuliza tufyatue tofali tumalizie nyumba au ninunue mahindi niweke stoo bei ipande, akanijibu "fanya unavyoona wewe". Nikanunua mahindi. Wiki nzima kanuna, chakula anaweka mezani anaondoka, maji ya kuoga anatumwa mtoto "mwambie baba yako maji tayari" na mimi nimekaa hapo hapo nasikia. Nikimuuliza kuna nini anasema hakuna kitu. Kwanini wanawake hawanyooshi maneno? Dalali mwenye njaa ya amani.*

Wewe mwanangu nimekucheka. Dalali wa Kibaigwa analalamika mtu hanyooshi maneno! Mkulima akisimama mbele ya gunia lake akakwambia "bei yako nimeisikia" halafu akaangalia barabarani, unajua kabisa hajakubali, unaongeza. Hujawahi kumwambia mzee nyoosha maneno. Sasa mkeo kakwambia "fanya unavyoona wewe", ile "wewe" ya mwisho hukuisikia ilivyovutwa?

Hilo la kwamba wanawake kwa kuzaliwa ni watu wa kuzungukazunguka lisikudanganye. Bahari hiyo hapo ukivuka unafika Madagaska. Mtafiti mmoja, Elinor Keenan, aliishi kijiji cha milimani kule na mwaka 1974 akaandika alichokiona, kwamba pale wanaume ndo wenye kuzunguka, mwanaume anayejiheshimu hamwambii mtu kosa lake usoni, anapitia kwenye mafumbo na hotuba ndefu. Wanaonyoosha maneno ni wanawake, kukiwa na mtu wa kukaripiwa anatumwa mwanamke, kubishana bei sokoni kazi yao pia. Na watu wa kijiji kile waliona hali ndo hiyo, wanawake wana ulimi mkali na wanaume wana busara. Huku kwetu mwanamke akinyoosha anaitwa ana mdomo, ana gubu, hajafundwa. Kwahiyo kote kote sifa anachukua mwanaume, jambo ambalo wewe huliulizi ila mimi nalisema.

Sasa rudi nyumbani kwako ujiulize taratibu, huyu mama mara ya mwisho kusema waziwazi "mimi nataka tofali" ulimjibuje? Mtu anayezunguka mara nyingi alishapita njia iliyonyooka akaikuta ina geti. Na hata hiyo juzi nina wasiwasi ulimuuliza umeshashika ufunguo wa pikipiki. Swali la aina hiyo ni taarifa, na mwanamke anaijua taarifa akiisikia.

Fanya hivi. Usimuulize tena "kuna nini", litajibiwa hakuna kitu mpaka Krismasi. Mwambie, "mama fulani, nadhani ulitaka tofali na mimi nikakimbilia mahindi, ndo hivyo?" Ukishalisema wewe, yeye hana tena la kuficha. Ataongea, na pengine ataongea mengi kwa mpigo yakiwemo ya mwaka juzi, vumilia usijibu moja moja kama uko mahakamani. Halafu mpange, mahindi yakiuzwa kinachotangulia ni tofali, na yeye ndo aseme tuuze lini. Siku nyingine ukitaka maoni yake muulize jioni, "ingekuwa hela yako peke yako ungefanyia nini?" na mpe mpaka kesho yake ajibu.

Na mama, kama unalisoma gazeti hili baada yake, kumtuma mtoto ampelekee baba yake maneno wakati wote mko chumba kimoja acha. Mtoto hakununua mahindi.

*Shangazi mambo, sisi tuko kijiweni Nkuhungu waendesha boda. Kuna mwenzetu anasema kisayansi mwanamke anaongea maneno elfu ishirini kwa siku na mwanaume elfu saba, ndo maana tukifika nyumbani sisi tumeisha wao wanaanza. Tumewekeana soda. Nani anakula?*

Mwenzenu anadaiwa soda, nzima.

Hiyo namba ya 20,000 kwa 7,000 ilivuma mwaka 2006 kupitia kitabu cha daktari mmoja wa Marekani kuhusu ubongo wa mwanamke. Wataalamu wa lugha walipotafuta nani alihesabu hawakumpata, na daktari mwenyewe akakubali kuitoa. Mwaka 2007 ndo Matthias Mehl na wenzie wakatoa hesabu ya kweli kwenye jarida la Science, waliwapa wanafunzi wa chuo 396 wa Marekani na Meksiko virekodi vidogo vinavyojiwasha vyenyewe mchana kutwa. Wanawake wastani maneno 16,215, wanaume 15,669, ambayo kitaalamu ni sawasawa. Aliyeongea kuliko wote alifika kama 47,000 na alikuwa mwanaume. Aliyeongea kidogo kuliko wote hakufika hata 1,000, naye mwanaume.

Ila msishangilie sana kina dada. Mwaka 2025 wamerudia na watu zaidi ya 2,000, na kwa wenye umri wa miaka 25 mpaka 64 wanawake waliwazidi wanaume kwa maneno kama 3,000 hivi kwa siku. Vijana na wazee hakuna tofauti ya maana. Waliorudia utafiti walidhani huenda ni kwa sababu umri huo ndo wa kulea, na ukiniuliza mimi naona hivyo hivyo, "vaa viatu, vaa viatu, nimesema vaa viatu" hapo tayari ni maneno saba na mtoto bado yuko peku.

Na nyie wa kijiweni mnaosema mkifika nyumbani mmeisha, mmeishia wapi kama sio hapo hapo kijiweni?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mhazini wa kamati ya wazazi kwenye shule moja huku Nzuguni. Tuko kumi na mbili, wanawake wanne. Kila nikianza kuongea kuna mzee mmoja ananikata. Kikao kilichopita nilisema tuwe tunalipia chakula cha watoto kwa awamu tatu ili wazazi wapumue, akanikatia katikati akaingiza mambo ya choo. Dakika ishirini baadaye baba mwingine kasema hivyo hivyo, awamu tatu, wakapiga makofi na kwenye muhtasari kaandikwa yeye. Nilitamani kulia. Nikisema nitaonekana natafuta sifa. Nifanyeje?*

Marahaba. Huyu ndo niliyesema nitamrudia, maana hapa hakuna suala la mwanamke anataka kubembelezwa na mwanaume anataka kutengeneza. Hapa kuna mtu anayeamini nafasi ya kuongea ni yake na wengine wanaazimwa.

Mwaka 1975 kule California, Don Zimmerman na Candace West walirekodi watu wakiongea wawili wawili. Kwenye mazungumzo 11 ya mwanaume na mwanamke walipata kukatana kauli mara 48, na 46 kati ya hizo aliyekata ni mwanaume. Mazungumzo 11 ni machache, nakubali, na tafiti za baadaye zilipojumlishwa mwaka 1998 tofauti ikaonekana ndogo, ila ikawa inaongezeka pale watu wakiwa watatu na kuendelea. Yaani kikao kama chenu.

Sasa cha kufanya, na hapa utaniona mkorofi kidogo. Kabla ya kikao hoja yako iandike kwenye grupu la WhatsApp la kamati, fupi, mistari mitatu, "nitaomba tujadili chakula kwa awamu tatu". Saa inaonekana, jina linaonekana, hata mzee akija na choo chake hoja ina mwenyewe. Pili, ongea na wale wanawake wenzio watatu pembeni, mkubaliane mmoja akikatwa mwingine anasema, "mwenyekiti, mhazini alikuwa hajamaliza." Akisema mwenzio hakuna atakayesema unatafuta sifa. Tatu, ukikatwa usinyamaze ghafla. Watu wengi tumezoea kunyamaza mkubwa akiongea, ni heshima, na mzee anaijua heshima hiyo anaitumia. Sema bila kupandisha sauti, "Shikamoo mzee wangu, naomba nimalizie, nina sentensi mbili," halafu usisubiri ruhusa, zitoe hizo sentensi mbili. Ukimwamkia kwanza hana pa kukasirikia.

Ule muhtasari uliopita usiuache. Kikao kijacho wakiupitia kuna kipengele cha masahihisho, hapo ndo pake: "Mwenyekiti, hoja ya awamu tatu niliitoa mimi, ndugu yetu akaiunga mkono, naomba isomeke hivyo." Kaa chini. Usieleze zaidi, ukieleza sana ndo utaonekana unatafuta sifa.

*Shangazi, mimi nilihamishwa na wizara kuja Dodoma, mume wangu kabaki Dar na duka lake. Akipiga simu ni dakika mbili, "mko poa? watoto? haya". Nikimtumia sauti ya dakika tano anajibu kidole gumba. Nahisi ana mtu.*

Anaweza kuwa na mtu, anaweza kuwa na wateja, kidole gumba peke yake hakitoshi kumhukumu mtu. Kuna wanaume simu kwao ni chombo cha kupasha habari, habari ikiisha anakata. Sauti ya dakika tano mtu aliyesimama dukani haisikilizi, anaiweka kiporo na jioni imeshafunikwa na nyingine kumi. Ikate vipande hiyo sauti, jambo moja sauti moja, lenye swali linalohitaji jibu. Na saa ya kuongea mkubaliane, tuseme saa tatu usiku akishafunga duka, ya video, watoto wawepo dakika tano za mwanzo halafu waende kulala mbaki wenyewe.

Cha zaidi, treni ya SGR ipo tangu 2024, Ijumaa ukitoka kazini usiku uko Dar. Nenda. Ya ana kwa ana yatakuambia ambayo kidole gumba hakiwezi, yawe mazuri au mabaya.

Wa mwisho simchapishi meseji yake, ni dada wa maeneo ya Kikuyu, ameniuliza afanyeje "waelewane" na mume anayemnyang'anya simu, anayemkataza kuongea na ndugu zake na anayemtisha akijibu. Mdogo wangu, sina ushauri wa namna ya kuongea na mtu huyo na mtu yeyote akikupa wa hivyo usimsikilize. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, unaweza kwenda bila yeye kujua, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri nayo inapokea. Mwambie ndugu mmoja unayemwamini kabla hujaenda. Na hiyo namba uliyonitumia meseji nayo, futa meseji zetu.